Mgeni Akija Kujitolea na Sherehe Yake Mkononi

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 31. Tangu nistaafu, kila mzungu anayeshuka Mtwara akitaka "kusaidia watoto" huishia barazani kwangu Mikindani. Sikuiomba kazi hii. Walimu wa huku wananiita Bibi KKK, yaani wa kusoma, kuandika na kuhesabu, na wakimwona mgeni anazubaa chini ya mwembe wa shule husema mpelekeni kwa Bibi KKK, atajua la kumfanya. Siku hizi hata walimu wa Lindi na Masasi wananitafuta, wengine wanabipu ili nipige mimi, na vocha inaisha kwa kueleza mambo yaleyale. Basi nayaandika mara moja, kila mtu asome.

Wanaokuja si vijana wa chuo peke yao. Wengi ni familia zenye jambo lao: mama katimiza miaka 60, mume na mke wamefikisha miaka 25 ya ndoa, kijana kamaliza sekondari na wazazi wanataka aione dunia kabla ya chuo. Kwao hatua za maisha huhesabiwa kwa tarakimu, na tarakimu nyingine zina sherehe kubwa: 18, 40, 50, 60. Sisi tunahesabu kwa mambo: katoka jando, kachezwa unyago, kamaliza la saba, kaolewa, kazaa mtoto wa kwanza na jina limebadilika, sasa ni Mama Fulani. Mimi tarehe yangu ya kuzaliwa niliipata siku ya kujaza fomu ya chuo cha ualimu. Marehemu mama alichokumbuka ni kwamba mikorosho ilikuwa na maua.

Methali ya mgeni na jembe mnaijua. Hawa wangu hawasubiri siku ya tatu, jembe huja nalo begani tangu uwanja wa ndege. Tabu ipo kwenye shamba, maana wenye shamba ni watoto na hakuna aliyewauliza.

Kosa langu

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu karibu kila ninaloelekeza hapa chini limetoka humo. Nilikuwa bado kazini. Ikaja familia ya watu wanne, baba anatimiza miaka 50. Badala ya zawadi aliwaomba jamaa zake wachange, fedha zikanunua mabegi 20 ya shule "kwa ajili ya yatima". Nikaona neema imeshuka. Asubuhi, mstarini, nikashika karatasi nikaita majina: wote waliofiwa na wazazi wapite mbele. Wakapita 19. Wa ishirini, mvulana wa darasa la pili, alibaki kwenye mstari anatazama vidole vyake vya miguu. Nikamwita tena kwa sauti, mwalimu mzima na akili zangu.

Akasema, "Mimi nina mjomba."

Wageni walikuwa wanapiga picha. Begi nilimpelekea nyumbani jioni. Mjomba wake alilipokea kwa adabu, hakunikaribisha hata kwenye mkeka. Wale 19 nao jina liliwaganda, mwaka mzima uwanjani wakaitwa "yatima wa mzungu", na mmoja wao alianza kulificha begi kwenye mfuko wa rambo akija shule.

Yule mtoto alinijibu sawasawa na mimi sikumsikia. Kwetu huku, Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, ukoo unafuata upande wa mama. Mtoto aliyefiwa na baba bado ana mjomba mwenye sauti juu yake, ana bibi, ana mama wadogo. Kumsimamisha mbele ya watu na kumwita hana mtu ni kumtukana mjomba. Siku hizi mgeni akitaja neno yatima namkalisha kwanza. UNICEF humhesabu yatima mtoto wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waislamu tunamwita yatima aliyefiwa na baba kabla hajabalehe. Mgeni kichwani ana mtoto aliye peke yake duniani. Neno ni hilo hilo, watu watatu wanapima kwa mizani tatu.

Kabla hajakata tiketi

Hapa sitakaa sana, makaratasi ni makaratasi, lakini usiyaruke. Viza ya utalii si ya kujitolea. Anayekuja kukaa na kujitolea anatakiwa kuwa na kibali, na kile cha ukaazi kwa watu wa aina yake ni daraja C. Awaulize Uhamiaji mapema. Asikutegee wewe umtetee.

Aje na hati ya polisi ya kwao inayoonyesha kama ana rekodi ya uhalifu. Ujerumani inaitwa Führungszeugnis, na Uingereza wana ukaguzi wanaoutaja kwa herufi DBS. Usione haya kuidai. Kwao hakanyagi shule bila hiyo, kwa nini kwetu aingie kwa tabasamu tu? Yupo mmoja aliniambia kwamba Afrika watu wanaaminiana. Nikamwambia ndiyo, tunaaminiana, leta hati.

Barua yake ianzie kwa mkurugenzi wa halmashauri, ishuke kwa afisa elimu msingi, kisha afisa elimu kata, mwalimu mkuu na kamati ya shule. Mwenyekiti wa mtaa naye ajue nani analala wapi. Fedha za kusaidia shule ziingie kwenye akaunti ya shule na stakabadhi itoke. Zikipita mkononi mwa mwalimu mmoja, hata kama ni walii, yataanza maneno.

Kuhusu muda, mweleze kalenda yetu ilivyo. Msimu mzuri ni Julai mpaka mwanzoni mwa Septemba: mvua zimekwisha, barabara za udongo zinapitika, korosho bado zipo kwenye maua na watoto wapo darasani. Siku za mtihani wa la saba mwezi Septemba asionekane shuleni kabisa, maana siku hizo hata sisi wastaafu hatusogei getini. Kuanzia Oktoba ni korosho. Minada imeanza, kila mtu yuko shambani, na mtoto asiyeonekana darasani yuko chini ya mkorosho anaokota. Januari mpaka Machi ni mvua, na kwa nyumba nyingi ni miezi ya kupima unga kwa jicho. Mgeni akija wakati huo asishangae watoto kusinzia saa nne.

Siku ya kwanza mtembeze. Wote wanataka kuiona nyumba yenye kibao cha Livingstone, aliyepita Mikindani mwaka 1866, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895. Mpeleke amalize hamu. Halafu mpe ming'oko, mizizi yetu ya porini, ya kuchemsha na chumvi umtazame usoni. Anayecheka huku anaimenya atafaa. Onyo moja la kweli, si mzaha: mwambie asiguse korosho mbichi yenye ganda. Binti mmoja wa miaka 16 aliokota moja chini ya mti akaibana kwa meno. Ganda lile lina mafuta yanayounguza ngozi, midomo ikavimba, na safari ya familia ikaanzia hospitali.

Kazi ya kumpa

Usimpe kupaka rangi ukuta. Wanaupenda sana ukuta, kwa sababu unapigwa picha kabla na baada. Lakini Mtwara mafundi rangi wapo na wana watoto. Niliwahi kushuhudia familia imepaka darasa siku nne, na jioni ya siku ya nne, walipokwenda kuogelea, mwalimu mkuu akamwita fundi arudie usiku ili wasione. Kama ana fedha za rangi, amlipe fundi na yeye amshikie ngazi.

Usimpe darasa pia. Anayekaa chini ya wiki tatu, kwangu mimi hasimami mbele ya watoto hata awe profesa. Anafanya kazi ya nyuma: kukata maboksi ya sabuni kuwa kadi za silabi, kukusanya vifuniko vya soda vya kuhesabia, kugundisha vitabu vilivyochanika, kumshikia fundi seremala dawati linalogongwa misumari. Babu mmoja seremala alikaa siku 12 na fundi wetu, hawakuwa na lugha ya pamoja hata chembe, wakatengeneza madawati 17. Ndiye mgeni aliyetufaa kuliko wengi waliokuja na gitaa.

Kadi za silabi zina mambo yake. Kabla hajaziandika mpe mwandiko wa shule auige. Wajerumani huandika moja yenye mkono mrefu wa mbele, na watoto wangu waliisoma saba asubuhi nzima, hesabu zote zikaharibika. Wanaozungumza Kiingereza wakiona e hutamka i. Kwa hiyo asimfundishe mtoto kusoma kwa sauti. Fanya kinyume chake, na hili ndilo lililonichukua miaka kuligundua.

Mpe mgeni watoto wale ambao kusoma kumewashinda. Mwambie wao ndio walimu wake wa Kiswahili. Kaa pembeni, suka ukili wako, usiingilie. Mtoto wa darasa la pili asiyejua kusoma ameshajifunza kunyamaza, maana akikosea wenzake wanacheka. Sasa mbele yake yuko mtu mzima, mkubwa kuliko mama yake, anayeshika kadi ya "nyu" na kusema "niyu". Mtoto anacheka yeye kwanza. Anasahihisha. Ili asahihishe lazima aitazame kadi, na akiitazama mara kumi anaijua. Darasa lenye watoto zaidi ya 80 mwalimu hana nafasi ya kumkalia mtoto mmoja hivyo. Mgeni anayo, na ndicho kitu pekee alichotuzidi.

Mama yule wa miaka 60 nitakayemtaja mbele kidogo alikaa na watoto 14 kwa wiki saba, kila siku muda wa saa moja, chini ya mwembe, mwalimu wa darasa akiwaona. Hilo la kuonekana ni sharti. Mgeni hakai na mtoto mahali pasipoonekana, hamchukui mtoto kwenda naye ufukweni, hampi pipi mkononi mmoja mmoja. Na simu ya kupigia picha inabaki kwenye mkoba. Tangu mwaka 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, na sura ya mtoto ni taarifa yake. Akitaka picha, mzazi au mlezi akubali, mtoto akubali, na mtoto akikataa ndiyo imekwisha.

Wale waliofiwa

Mgeni atakuomba umpeleke kituo cha yatima. Nami nitakwambia nisemavyo kila mara, ingawa wenzangu wengine hawapendi: usimpeleke. Si kwamba makao yote ni mabaya. Yapo yanayofanya kazi nzito, na chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yanatakiwa kuwa na leseni na kukaguliwa. Ila mtoto wa pale ameshaachwa mara moja. Ukimletea kila mwezi mtu mpya wa kumbeba, kumsuka na kulia naye uwanja wa ndege, unamfundisha kuachwa mara 12 kwa mwaka. Na pale penye wageni wengi wenye fedha, watoto wa kujaza vitanda hutafutwa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Kama bibi anashindwa sare na daftari, dawa ni sare na daftari, mtoto akiwa kwa bibi.

Kwa hiyo njia ni hii. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii na mwalimu mkuu, wanazijua nyumba zenye shida. Mgeni asizijue kwa majina. Mchango wake ushonee sare kwa fundi cherehani wa mtaani, na sare zigawiwe pamoja na za watoto wengine wanaohitaji, wenye wazazi na wasio nao, siku ya kawaida, ofisini, mmoja mmoja. Hakuna mstari, hakuna hotuba. Mgeni akikuuliza "nitajuaje kama imemfikia yatima?" mwonyeshe stakabadhi za fundi. Akinung'unika, ujue alitaka kushukuriwa, na hilo nalo ni haki ya binadamu, ila mtafutie mahali pengine pa kushukuriwa. Hapo ndipo sherehe inapoingia.

Sherehe yake

Usiikatae sherehe ya mgeni. Mtu aliyevuka bahari ili miaka yake 60 imkute hapa ametupa heshima, na sisi watu wa Kusini hatujawahi kuishiwa na sababu ya kupika. Mama huyu Mjerumani alikuja na mumewe, binti yao na mjukuu. Alitaka keki na "watoto yatima wamwimbie". Nikamwambia keki moja nikiikata kwa darasa la watoto 84 kila mmoja atapata kipande cha ukubwa wa kidonge. Tukapika pilau. Kilo 10 za mchele, kilo 6 za nyama, kachumbari, na wazazi wakaja na sufuria na kuni zao. Hapo ni muhimu: wazazi wachangie kitu, hata mafungu ya nyanya, sherehe iwe yetu sote. Ikiwa ni Ramadhani ahirisha. Mwulize pia mwalimu mkuu siku isiyoharibu vipindi. Sisi tulifanya Ijumaa baada ya masomo.

Watoto walimwimbia, darasa lote, kwa kuwa ndivyo wanavyomwimbia kila mtu. Kisha nikamwomba aseme kwa Kiswahili amefika umri gani na ana wajukuu wangapi. Alisema ana miaka "sitini na mjukuu moja". Watoto wakamsahihisha kwa sauti moja: mmoja! Kina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akamwuliza ilikuwaje binti mzima kama yule ana mtoto mmoja tu, nikajifanya sikusikia nisitafsiri.

Na mweleze mgeni mapema kwamba mji una mambo yake yasiyomngojea. Wiki ile ile jirani yangu alikuwa na arobaini ya mumewe. Mjerumani wangu aliingia jikoni akakuna nazi na kina mama tangu alfajiri, hakuna aliyempa kazi ya heshima. Aliniambia baadaye ndiyo siku aliyojiona amefika.

Ngoma yetu

Wakikaa mpaka Desemba watakutana na msimu wa ngoma. Shule zimefungwa, korosho zimeuzwa, na wali, yaani vijana wa jando na unyago, wanatolewa. Mgeni atasikia na atataka kuona. Ya ndani si yake, na wala si yangu kuyaandika hapa. Kungwi ndiye mwenye mlango. Lakini siku ya kumtoa mwali ni ya watu wote. Mfundishe mambo matatu: avae kitenge kilichofunika magoti, noti za kumtunza mwali aziweke ndogondogo na aende kutunza akicheza hata kama hajui kucheza, simu iwe mfukoni. Mjukuu wangu alipotolewa, kijana mmoja wa miaka 18 kutoka Uingereza alitunza, akakanyaga kitenge chake mwenyewe, akaanguka. Hakuna aliyemsahau. Alikuwa amekuja kusherehekea kwamba kwao sasa ni mtu mzima kisheria. Mjomba wa mwali alimwuliza ni nani aliyemfunda. Kijana akafikiri sana, akasema hakuna. Mjomba akasikitika kweli, akamkalisha karibu yake mpaka usiku akimweleza mambo. Mkalimani nilikuwa mimi, nayo mengine niliyaruka.

Kuaga

Usimwache mgeni aage kwa kushtukiza. Wiki mbili kabla, watoto anaokaa nao waanze kuhesabu: vifuniko vya soda kumi kwenye kopo, kila siku ya shule kinatolewa kimoja. Mtoto anaona siku zinavyopungua na anauliza maswali yake mapema. Mgeni asiahidi kurudi. Wanaahidi kwa moyo safi, halafu maisha yanawashika, na mtoto bado anauliza mwezi wa saba ukifika. Aseme "sijui kama nitarudi". Zawadi ya mwisho isiwe ya mtu mmoja. Aliyeacha kopo la vifuniko na kadi zake aliacha vingi.

Mtu wa kuendelea na kazi awe ameshapatikana kabla mgeni hajaondoka, mwalimu wa darasa, mwanachuo wa ualimu aliye mazoezini, au mstaafu asiye na kazi kama mimi. Bila huyo usikubali kazi ianze.

Mama wa miaka 60 alipoaga, watoto tisa kati ya 14 walikuwa wanasoma aya fupi bila kushikwa mkono. Nilimpa hesabu hiyo nikijua atafurahi. Akaniuliza, "Na watano?"

Wawili wanakuja barazani kwangu kila Jumamosi saa mbili asubuhi, wakitangulia kunywa chai kwanza. Watatu hawaji, nawafuata mimi.